Ukiwa na MS na kichwa hakishiki vitu: maswali ninayoulizwa sana kuhusu kupimwa kumbukumbu na umakini

Mwangaluka ndugu zangu. Mi nakaa Kirumba, hapa Mwanza, nina MS, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kushika daftari la magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni, nani kaleta mangapi kutoka visiwani, nani kachukua kwa mkopo, nani kalipa nusu. Mi siyo daktari. Ila nimepimwa, nimesoma sana kuhusu hili jambo, na maswali haya naulizwa kliniki, kwenye daladala, hata msibani mtu ananivuta pembeni. Kwahiyo nayajibu yote hapa kwa pamoja.

Kwani MS ni nini, afu inahusiana vipi na kusahau? Si ugonjwa wa miguu?

MS ni kifupi cha multipo skilerosisi. Kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, inageuka na kuushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Utando ule ni kama plastiki inayofunika waya wa umeme, ikichunika umeme unapita kwa kusuasua au haupiti kabisa. Ndo maana mtu miguu inaishiwa nguvu, macho yanaona ukungu, mkojo unasumbua, uchovu unamwangusha saa nne asubuhi. Haiambukizi. Huwa inaanza mtu akiwa na miaka 20 mpaka 40 hivi, na wanawake tunaipata zaidi kuliko wanaume.

Sasa ubongo nao si umo humohumo? Tafiti nyingi zinaonyesha kati ya watu 10 wenye MS, wanne mpaka sita au saba wana shida fulani ya kufikiri au kukumbuka. Na siyo habari mpya, daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyeueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1868 kule Paris aliandika kabisa kwamba wagonjwa wake kumbukumbu inapungua na mawazo yanakuja polepole. Lakini kwa miaka mingi sana baada yake madaktari waliangalia miguu tu, na mpaka leo kuna watu wanahudhuria kliniki miaka na hawajawahi kuulizwa hata swali moja kuhusu kichwa.

Hivi kupimwa akili siyo kupimwa kama mtu ni kichaa? Watu watasema nimepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Hili swali ndo la kwanza kwa wengi na nalielewa vizuri, manake kwa Kiswahili chetu ukisema "fulani kapelekwa kupimwa akili" mtaa mzima umeshamaliza hukumu. Kwahiyo mi siku hizi sisemi hivyo, nasema nimepimwa kumbukumbu na kasi ya kufikiri, kama unavyosema nimepimwa macho. Hakuna anayetafuta ukichaa pale. Wanaangalia ubongo wako unapokea habari kwa kasi gani, unazihifadhi vipi, unaweza kushika mambo mawili kwa mpigo au hapana. Na wala siyo mtihani wa kufaulu na kufeli, hata kama mwanzoni unajihisi uko chumba cha mtihani wa darasa la saba.

Wanapima nini hasa? Wanakufanyaje?

Hakuna sindano, hakuna mashine. Unakaa mezani na mtaalamu, mara nyingi ni mwanasaikolojia, mnaongea.

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kwa watu wa MS kinaitwa SDMT. Unapewa karatasi, juu kuna alama tisa za ajabuajabu na kila alama ina namba yake kuanzia 1 mpaka 9, chini kuna mistari ya alama tupu. Kazi yako ni kutaja namba ya kila alama haraka unavyoweza kwa sekunde 90, basi. Ukijumlisha na maelezo ni kama dakika tano. Kinaonekana cha kitoto lakini kinakamata kitu ambacho MS inakigusa kuliko vyote, yani kasi.

Mwaka 2012 wataalamu wa nchi mbalimbali walipendekeza seti fupi inayoitwa BICAMS, ambayo ina hicho kipimo, pamoja na orodha ya maneno 16 unayosomewa mara tano na kila mara unarudisha unayokumbuka, na michoro sita unayoonyeshwa sekunde 10 kisha unaichora bila kuiangalia, mara tatu. Yote dakika 15 mpaka 20. Kuna seti ndefu pia ya saa moja na nusu hivi, hiyo ni pale wanapotaka kuchimba zaidi.

Ukikutana na kile cha kusikiliza namba kila baada ya sekunde tatu na kuijumlisha kila moja na ile iliyotangulia, usishangae ukitoka jasho, watu wengi wamekichukia mpaka wataalamu wenyewe wamekiweka pembeni wakahamia kwenye alama.

Sasa kama hawakupi dawa, faida yake ni nini? Si unaongezewa mawazo tu?

Hapa naomba unisikilize taratibu kwa sababu hii ndo sababu ya mimi kuandika yote haya.

Kabla sijapimwa, mi nilikuwa najiita mjinga. Mtu ananitajia namba ya simu, nikimaliza kuandika tarakimu nne za mwanzo zilizobaki zimeshaondoka. Wateja watatu wakiongea kwa pamoja mezani kwangu nilikuwa namwitikia mmoja na kuandika jina la mwingine. Siku moja daftari likaonyesha magunia sita hayapo, na tajiri wangu akasema mbele ya watu kwamba nimeanza kuiba. Sikuiba. Ila nilishindwa kujitetea kwa sababu hata mimi sikujua yameenda wapi, na kitu kibaya zaidi nikaanza kujishuku mwenyewe usiku, nikasema labda kweli mimi ni mtu mbaya na sijijui. Nililia sana kipindi kile kuliko nilivyolia siku niliyoambiwa nina MS.

Nilipopimwa, yule mwanasaikolojia alikaa na mimi na dada yangu karibu saa nzima akituelezea. Akasema kasi yako imeshuka, siyo akili yako. Mifano yake ilikuwa ya mbali kidogo kwahiyo mi nikatengeneza wangu ambao natumia mpaka leo, kwamba ni kama kivuko cha Kamanga siku ambayo kinafanya kazi kimoja tu. Magari yapo, mizigo ipo, watu wapo, kila kitu kitavuka, ila foleni ni ndefu na ukilazimisha wote wapande kwa mpigo ndo vurugu. Na kumbukumbu akasema kwa watu wengi wenye MS shida kubwa iko kwenye kuingiza, siyo kwamba kitu kilichokaa vizuri kinafutika. Hilo nalo mtu wa Mwaloni analielewa haraka, dagaa usipowaanika vizuri siku ya kwanza, kesho utahangaika nao na watanuka tu. Kwahiyo dawa ni kuwaanika vizuri, yani kuchukua muda wakati wa kuingiza.

Nilitoka pale ugonjwa uko vilevile, hakuna seli hata moja ya ubongo iliyopona, lakini nilitembea tofauti. Kitu kilichokuwa tabia yangu mbaya kimekuwa dalili. Tabia mbaya unaificha na kuionea aibu, dalili unaweza kuitaja na kuitafutia njia. Na siyo mimi peke yangu, watu wenye MS waliohojiwa na watafiti kule Ulaya wanasema maneno yanayofanana sana na haya, kwamba wanapata nafuu kwa kuaminiwa, kwa kujua siyo wazimu wala siyo ule ugonjwa wa kusahau wa wazee, na kwa kujua nini bado kiko imara. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau. Ripoti haikuambii ulichopoteza tu, mimi iliniambia lugha yangu iko sawa, maarifa yangu yako sawa, uwezo wangu wa kuelewa jambo gumu uko palepale nikipewa muda. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo miaka miwili.

Ila, na hili naliandika kwa herufi kubwa moyoni, faida hiyo inatoka kwenye MAONGEZI baada ya kipimo. Ukipimwa ukapewa karatasi yenye namba ukaambiwa rudi miezi sita, hiyo inaweza kukuumiza kabisa. Dai ufafanuliwe. Sema "daktari, naomba unieleze kwa maneno ya kawaida, na nimekuja na ndugu yangu asikie."

Mume wangu anasema najifanyisha. Nimemwambia ni ugonjwa haamini kwa sababu natembea vizuri.

Mama, pole sana. Hii inauma kuliko mguu. Tatizo ni kwamba shida hii haionekani, na mtu anaweza kuwa na miguu mizima kabisa huku kasi ya kichwa imeshuka, havitembei pamoja lazima. Yeye anachoona ni kwamba alikutuma vitu vitatu ukaleta kimoja, alikuongelesha huku taarifa ya habari inaendelea ukamjibu kitu kingine, kwahiyo anahisi unampuuza.

Nenda naye siku ya majibu. Siyo siku ya kipimo, pale ataongeza presha tu, siku ya majibu. Dada yangu alikuwa ananifokea kila siku kuhusu jiko ninaloacha linawaka, alipoambiwa na mtaalamu, siyo na mimi, alinyamaza kimya, afu tulipokuwa tunasubiri daladala ya kurudi akaniambia "samahani mdogo wangu, nilidhani unanidharau." Sijui kipimo kingine cha hospitali ambacho kingenipa hicho. Tangu siku hiyo anazima redio kwanza ndo anaongea na mimi, na maagizo anatuma kwa meseji. Vitu vidogo hivyo.

Labda siyo MS, labda ni mawazo tu. Nitajuaje?

Huwezi kujua peke yako, na ndo sababu nyingine ya kupimwa. Karibu nusu ya watu wenye MS wanapitia sonona wakati fulani maishani, na sonona yenyewe inakata umakini, inaleta uchovu, inakufanya uone umeharibika kabisa. Watafiti wamegundua kwamba ukimuuliza mtu "kumbukumbu yako ikoje?" jibu lake mara nyingi linafuata hali yake ya moyo kuliko kile kinachoonyeshwa na kipimo. Yani kuna wanaosema "mi nimekwisha" na vipimo vyao viko vizuri, na kuna wanaosema "mi niko poa" huku kasi imeshuka sana.

Kwahiyo mtaalamu mzuri atakuuliza pia kuhusu usingizi, huzuni, hofu, dawa unazomeza. Ikionekana ni sonona hiyo ni habari njema kwa namna yake, inatibika. Na kama uko kwenye hatua ya kufikiria bora ufe, achana na foleni ya vipimo, mwambie mtu leo na nendeni hospitali iliyo karibu leoleo.

Naogopa majibu. Si bora nisijue?

Uoga huo ni halali na wala sitakushika mkono kwa nguvu. Kuna watu hawako tayari, mtu anayeuguza mtoto au aliyetoka kuambiwa ana MS wiki iliyopita anaweza kusema siyo sasa. Ila jiulize saivi unaishi na nini. Mi nilikuwa naishi na majibu niliyojitungia, na yalikuwa mabaya kuliko ya kweli mara kumi.

Mi nimeishia darasa la nne na nyumbani tunaongea Kisukuma. Sitaonekana mjinga?

Swali zuri kuliko wengi wanavyodhani. Namba za kulinganishia kwenye vipimo hivi zimetoka zaidi Marekani na Ulaya, kwa watu waliosoma miaka mingi na waliozoea karatasi na kalamu. Ukimlinganisha bibi wa Ukerewe na mwanafunzi wa chuo wa huko utapata jibu la uongo. Kwahiyo mwambie mtaalamu mapema umesoma mpaka wapi, unafikiri kwa lugha gani, kazi yako ni nini. Orodha ya maneno iwe kwa lugha unayoimudu, usikubali kusomewa maneno ya Kiingereza ili umfurahishe mtu. Na njia ya haki zaidi ni kujilinganisha na wewe mwenyewe, upimwe leo, upimwe tena mwakani, tuone umepanda au umeshuka.

Siku ya kipimo nijiandaeje?

Lala vizuri. Omba miadi ya asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa sababu joto linazidisha dalili za MS kwa muda. Kunywa chai, beba miwani kama unavaa, na usijifanye jasiri kwa kuruka dawa zako. Kama una homa, malaria au UTI ahirisha, maambukizi yanamshusha mtu wa MS kila upande. Vilevile kama ugonjwa umelipuka karibuni na umechomwa zile dawa za nguvu za steroidi, subiri utulie kwanza. Usijifundishe kipimo kwa simu kabla, utaharibu maana yake. Na kama macho yanasumbua au mkono unatetemeka sema, wapime kwa mdomo.

Inatakiwa mara ngapi?

Mapendekezo ya wataalamu ya 2018 yanasema upimwe mapema baada ya kugundulika, ukiwa umetulia, kisha kila mwaka angalau kile cha dakika tano. Kwenye SDMT pointi zikishuka kama nne hivi wanalichukulia kwa uzito, wala siyo lazima uwe umehisi kitu.

Nikimwambia bosi si atanifukuza?

Inawezekana, sitakudanganya, na ripoti ni yako, hulazimiki kumpa mtu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kazini, ila sheria kwenye karatasi na tajiri aliyekasirika ni vitu viwili. Ushauri wangu ni huu, usiende na neno la ugonjwa, nenda na ombi. "Naomba maagizo kwa maandishi." "Naomba nikae mbali na mlango." "Naomba hesabu nifanye asubuhi." Mimi kwa yule tajiri sikurudi, lakini kwa ninayefanya naye kazi saivi niliomba niandike gunia moja moja na mpakuaji arudie kutaja namba, na daftari halijawahi kupishana.

Kuna mazoezi ya kurudisha kumbukumbu au ndo basi?

Yapo. Mwaka 2013 Nancy Chiaravalloti na wenzake kule New Jersey, Marekani, walichapisha jaribio walilofundisha watu wenye MS njia ya kugeuza mambo ya kukumbuka kuwa picha na hadithi kichwani, vikao 10, na uwezo wao wa kujifunza vitu vipya uliongezeka kuliko wale ambao hawakufundishwa njia hiyo. Sisi hadithi tumelelewa nazo, kwahiyo hii inatufaa. Nikitumwa chumvi, kiberiti na mafuta ya taa, namuona shangazi anamwagia chumvi taa, anawasha kiberiti, nyumba nzima inacheka. Vitu vitatu havipotei. Bila kipimo nisingejua kwamba shida yangu iko kwenye kuingiza, ningeendelea kununua dawa za ubongo za mtaani.

Mama mkwe anasema nimelogwa, nisipoteze nauli hospitali.

Usigombane naye. Anatafuta maelezo, kama wewe tu ulivyokuwa unatafuta. Mwambie "mama, naomba niende nikapimwe, afu tutaongea." Nimeona wazee wakilainika wakiona karatasi ya MRI, yani picha ya ubongo, yenye madoa meupe, na wakisikia kwamba kusahau kwako kuna sehemu yake inayojulikana. Kuogopwa ndani ya nyumba yako kama umebeba kitu kibaya ni mzigo mzito sana, na kumtoa mtu kwenye mzigo ule nayo ni tiba.

Niko Sengerema, Magu, Ukerewe. Naanzia wapi?

Anzia kwa daktari anayekutibu MS, hata kama ni wa mishipa ya fahamu kule Muhimbili unamuona mara moja kwa mwaka. Hapa Mwanza uliza Bugando, ndo hospitali ya rufaa ya kanda yetu, na usiulize "kupimwa akili," useme unataka kupimwa kumbukumbu na kasi ya kufikiri kwa sababu una MS, na kama kuna mwanasaikolojia wa kufanya hivyo. Uliza bei na bima kabla hujapanda gari. Nenda umeandika, siyo kichwani, mambo matano yaliyokutokea mwezi huu, jiko lililoungua, jina lililopotea, kituo ulichopitiliza, na tarehe zake. Mi nilikwenda na ukurasa uliochanwa kwenye daftari la dagaa, ule wenye magunia sita, nikamuwekea mezani.